Maisha ya John Bunyan, Fundi wa Sufuria

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kukutana na kitabu kiitwacho Safari ya Msafiri, ama kwa Kiswahili ama kwa Kiingereza, nao wanakumbuka habari za yule mtu mwenye mzigo mgongoni aliyetoka mbio katika mji wake, amejiziba masikio asisikie watu wa nyumbani kwake wakimwita arudi. Lakini nikiwauliza vijana wa madarasa ya chini ni nani aliyekitunga, jawabu nilipatalo mara nyingi ni kwamba bila shaka alikuwa askofu, au bwana mkubwa wa chuo kikuu. La. Mwenye kukitunga alikuwa fundi wa kuziba sufuria zilizotoboka, mtu wa kuzunguka vijijini na vyombo vyake vya kazi, na elimu yake ya shuleni ilikuwa chini kuliko ya kijana ye yote anayesoma ukurasa huu.

John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, nchi ya Uingereza. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa vyombo vya shaba na bati, na katika nchi ile siku zile kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya watu duni. Hata hivyo wazazi walimpeleka mtoto wao shule, akajifunza kusoma na kuandika, ingawa yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alisahau karibu yote upesi. Kisha akaingia katika kazi ya baba yake. Fuawe yake ya chuma, iliyochorwa jina lake na mwaka 1647, imehifadhiwa Bedford hata leo.

Utoto wake haukuwa wa kusifiwa. Alikuwa hodari wa kuapa ovyo, kulaani na kusema uongo, na katika mambo hayo vijana wenzake walimfuata kama wafuatavyo nahodha. Usiku aliota ndoto za kutisha, za mashetani waliotaka kumchukua. Kulipokucha akarudia yale yale. Mwaka 1644 ulimpiga sana. Mwezi wa Juni mama yake alifariki. Julai akafariki ndugu yake wa kike, Margaret. Na Agosti haijakwisha baba yake alikuwa amekwisha kuoa mke mwingine. Kijana alikuwa hajatimiza miaka 16.

Mwaka huo huo akaingia jeshini. Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge walikuwa wakipigana wao kwa wao, na Bunyan aliwekwa katika jeshi la Bunge huko Newport Pagnell. Siku moja alichaguliwa pamoja na wengine kwenda kuzingira mahali fulani. Walipokuwa tayari kuondoka, mwenzake mmoja akaomba aende badala yake, naye akakubali. Yule mwenzake, akiwa katika zamu ya ulinzi, akapigwa risasi ya kichwa akafa. Bunyan hakulisahau jambo hili maisha yake yote, walakini halikumgeuza. Alirudi kwao yu vile vile. Mimi sioni ajabu. Tumezoea kudhani kwamba hatari kubwa ikimpita mtu, hana budi kuwa mwema. Lakini wengi wetu tumenusurika na mambo, tukashukuru siku tatu, kisha tukasahau.

Alioa kama mwaka 1649. Jina la mke wake wa kwanza halikuandikwa po pote. Walikuwa maskini hata hawakuwa na sahani wala kijiko baina yao, na mali pekee aliyokuja nayo bibi arusi ilikuwa vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Jioni wakavisoma pamoja, na mwanamke akamsimulia mumewe jinsi baba yake alivyokuwa mtu mcha Mungu. Mwaka 1650 wakapata mtoto wao wa kwanza, binti, wakamwita Mary. Mtoto huyo alikuwa kipofu.

Hapo ndipo Bunyan alipoanza kutaka kuwa mtu mwema. Jumapili moja alimsikia mhubiri akiwakemea watu wanaoivunja siku ya Bwana kwa michezo. Akarudi nyumbani amefadhaika, akala chakula chake, akashiba, akayatupilia mbali aliyoyasikia, akaenda uwanjani kucheza mchezo wa kurusha kijiti kwa fimbo. Amekwisha kukipiga kijiti mara moja, anataka kukipiga mara ya pili, ndipo alipohisi kama sauti kutoka mbinguni inamwuliza moyoni kama ataacha dhambi zake aende peponi, au aendelee nazo aende motoni. Alisimama kimya mbele ya wachezaji wenzake. Na je, alitubu? Alijiambia kwamba amekwisha kuchelewa, na kwa kuwa amepotea, heri apotee ameshiba dhambi. Akakipiga kijiti tena.

Aliyemzuia hatimaye hakuwa mhubiri. Kadiri ya mwezi mmoja baadaye alikuwa amesimama mbele ya dirisha la duka la jirani, akitukana na kuapa kama desturi yake. Mwenye nyumba, mwanamke ambaye sifa yake mwenyewe haikuwa njema, alimkaripia kwamba maneno yake yanamtetemesha, na kwamba yeye peke yake atosha kuwaharibu vijana wote wa mji. Bunyan akainama kwa haya. Kukemewa na padre ni jambo la kila siku. Kukemewa na mtu kama yule kulimfikia mfupani. Tangu siku hiyo matusi yakamtoka kinywani, naye mwenyewe alistaajabu jinsi alivyoweza kusema vizuri zaidi bila kuapa kuliko alipokuwa akiapa.

Basi akajitengenezea tabia. Akasoma Biblia, akajiwekea amri kumi mbele yake kama fundi awekavyo kipimo, akaacha jambo moja baada ya jingine. Kucheza dansi kulimshinda karibu mwaka mzima, lakini nako akakuacha. Alipenda sana kupiga kengele za kanisa la Elstow pamoja na vijana wenzake. Akaona kwamba hayo nayo ni anasa, akaacha kuvuta kamba, ila hakuweza kujizuia kwenda kutazama wengine wakivuta. Akisimama pale mnarani, likamjia wazo: je, kengele moja ikianguka? Akasogea chini ya boriti nene. Je, ikianguka, ikagonga ukuta na kumrudia? Akasogea mlangoni. Je, mnara wote ukiporomoka? Akakimbia. Twaweza kucheka, na nadhani hata yeye alicheka alipoyaandika akiwa mtu mzima, lakini tumtazame kijana yule vizuri. Majirani wote walikuwa wakimsifu. Walishangaa jinsi mtukanaji mkuu wa kijiji alivyogeuka kuwa mtu wa sala, na maneno yao yalikuwa matamu masikioni mwake. Tabia yake ilikuwa imenyoka, hana la kulaumiwa mbele ya watu, naye hawezi kusimama chini ya kengele kwa hofu. Alikuwa na kila kitu cha dini isipokuwa furaha, wala hakujua kwamba kitu hicho kinapungua, maana hakuwa amekiona kwa mtu.

Alikiona Bedford. Siku moja alikwenda huko kwa kazi yake, akapita katika njia moja, akawakuta wanawake watatu au wanne, maskini, wameketi mlangoni wakiota jua na kuzungumza habari za Mungu. Kwa siku zile Bunyan alikuwa msemaji mkubwa wa mambo ya dini, akasogea ili naye atie neno. Akasikiliza, akakosa neno. Walikuwa wakizungumza jinsi Mungu alivyowazaa mara ya pili, jinsi walivyojiona kuwa hawana kitu, na jinsi walivyofarijiwa na upendo wa Yesu Kristo. Hawakutaja hata mara moja wema wao wenyewe. Lakini kilichomnyamazisha zaidi ni namna walivyosema: walizungumza kama watu wanaosukumwa na furaha kusema, kama watu waliogundua nchi mpya ambayo majirani zao hawajaiona. Wala hawakuwa na sababu ye yote ya furaha hiyo inayoonekana kwa macho. Akaenda zake kazini, lakini moyo wake ukabaki pale mlangoni, akawa akirudi mara kwa mara kuketi karibu nao.

Wanawake wale walimpeleka kwa mchungaji wao, John Gifford. Huyu naye ana kisa chake. Alikuwa meja katika jeshi la Mfalme, akakamatwa, akahukumiwa kunyongwa, lakini usiku wa kabla ya kunyongwa dada yake alikuja kumwona gerezani, akawakuta walinzi wamelala, akamtorosha. Akafika Bedford akawa tabibu, mlevi na mcheza kamari, hata siku moja alipopoteza fedha nyingi katika kamari akageuka kabisa. Mtu wa namna hii hakumtisha fundi wa sufuria.

Hadithi nyingi za namna hii huishia hapo: mtu amekutana na watu wema, amefurahi, na mambo yakawa mazuri. Ya Bunyan haikuishia hapo, na kwa sababu hiyo nimeona inafaa kuandikwa. Baada ya kuonja furaha kidogo aliingia katika giza lililomshika muda wa miaka. Wazo moja lilimwandama mchana na usiku, mezani, kitandani, akiokota hata pini chini, kwamba amwuze Kristo kama vile Esau alivyouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Akalikataa mara elfu. Asubuhi moja, akiwa kitandani amechoka kabisa, akahisi kwamba moyo wake umekubali. Akaondoka akaenda shambani akiwa na hakika kwamba amekwisha kujifungia mlango wa mbinguni kwa mkono wake mwenyewe. Yale maneno ya Waraka kwa Waebrania juu ya Esau, aliyetafuta kutubu kwa machozi asipate nafasi, yakawa kama mnyororo miguuni pake. Siku akijisikia vema, alidhani Mungu yu karibu. Siku akijisikia vibaya, alidhani Mungu amemtupa. Hivyo akapanda na kushuka kama ndoo kisimani.

Katika taabu hiyo kikamfikia mkononi kitabu cha kale cha Martin Luther, maelezo ya Waraka kwa Wagalatia, kimechakaa hata akaogopa kugeuza kurasa kisije kikaanguka vipande vipande. Akaona humo mtu aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita akisema habari za moyo wake yeye Bunyan. Tangu hapo, ukitoa Biblia, alikipenda kitabu hicho kupita vyote kwa mtu mwenye dhamiri iliyojeruhiwa.

Ufunguo ulikuja siku moja akivuka shamba, bado na wasiwasi. Likamwingia moyoni wazo kwamba haki yake iko mbinguni. Akaona kwa macho ya roho Yesu Kristo mkono wa kuume wa Mungu, akafahamu kwamba yeye ndiye haki yake, na kwamba Mungu hamwangalii Bunyan ili aone leo ameamka na moyo mwema au mbaya. Moyo wake ukiwa mchangamfu hauongezi kitu katika haki hiyo, na ukiwa mzito haupunguzi, kwa maana Kristo habadiliki. Ndipo minyororo ilipomwanguka. Alikwenda nyumbani akifurahi, na lile neno juu ya Esau alipolitafuta katika Biblia halikumtisha tena.

Nimekaa sana katika jambo hili kwa kuwa vijana wengi huja kwetu walimu na malalamiko ambayo kiini chake ni hiki hiki. Kijana amejiwekea maazimio mwanzoni mwa muhula; juma la kwanza anayashika na kujiona malaika; juma la tatu yamevunjika, naye hujiona hafai hata kuingia kanisani. Furaha yake yote ameitundika katika kengele ile ya Elstow. Bunyan hakuacha kujitahidi kuwa mwema baada ya siku ile ya shambani. Aliyazidisha matendo yake, lakini sasa aliyafanya kama mtoto afanyavyo kazi nyumbani kwao, si kama kibarua anayeogopa kufukuzwa.

Alijiunga na kanisa lile la Bedford, na kama mwaka 1656 alikuwa akihubiri. Watu walimiminika kumsikiliza fundi wa sufuria, wengine kwa kutaka kumcheka. Mwaka 1658 mkewe akafariki, akamwachia watoto wanne. Mwaka uliofuata akaoa mke wa pili, Elizabeth.

Mwaka 1660 Mfalme Charles wa Pili alirudi katika kiti cha enzi, na sheria za zamani zikaamshwa, zilizokataza watu kukusanyika kwa ibada nje ya kanisa la serikali. Tarehe 12 Novemba mwaka huo Bunyan alikuwa ahubiri katika nyumba moja ya shamba huko Lower Samsell. Alipofika akaambiwa kwamba hati ya kumkamata imekwisha tolewa, na mwenye nyumba akamshauri waahirishe mkutano. Bunyan akatoka uani, akatembea peke yake akifikiri. Aliona kwamba amewatia watu wengi moyo kwa maneno, na akikimbia sasa, wale walio dhaifu watasema maneno yake yalikuwa ya wakati wa salama tu. Akarudi ndani akafungua mkutano kwa sala. Akakamatwa Biblia mkononi.

Mahakimu walimwambia wazi kwamba akiahidi kutohubiri ataachiliwa mara moja. Alijibu kwamba wakimtoa leo, kesho atahubiri tena. Akahukumiwa kifungo cha miezi 3, na kwamba asipobadili nia atafukuzwa nchini, na akirudi bila ruhusa atanyongwa. Ile miezi 3 ikawa miaka 12.

Sasa nataka tumtazame Elizabeth, maana vitabu vingi humpita upesi. Alikuwa mke wa muda usiotimia miaka miwili, mwenye watoto wanne asiowazaa, na mmoja wao kipofu. Alikuwa na mimba mumewe alipokamatwa. Kwa mshtuko akashikwa na uchungu kabla ya wakati, akateseka siku 8, na mtoto akafa. Mwanamke huyu alisafiri mpaka London kupeleka maombi yake kwa mabwana wa Bunge. Kisha mwezi wa Agosti mwaka 1661 majaji walipofika Bedford, alipenya kati ya watu katika chumba kikubwa cha nyumba ya wageni iitwayo Swan, akasimama mbele yao kumtetea mumewe. Jaji mmoja alimfokea, na wengine wakadai kwamba mtu yule hufanya madhara na anajifanya mhubiri badala ya kushika kazi yake. Elizabeth akawajibu kwamba kwa kuwa mumewe ni fundi wa sufuria tena maskini, ndiyo maana anadharauliwa na hapati haki. Jaji Matthew Hale peke yake alimsikiliza kwa upole, akamweleza njia za sheria zilizobaki, ingawa hakuwa na uwezo wa kumfungua mtu wake. Elizabeth alitoka akilia. Alieleza baadaye kwamba hakulia sana kwa ukatili wa watu wale, bali kwa kufikiri hesabu watakayoitoa mbele za Bwana atakapokuja.

Kifungoni Bunyan alikuwa na Biblia na kitabu cha habari za wafia dini kilichoandikwa na Foxe. Ili watoto wapate mkate alisuka kamba ndefu za kufungia viatu na nguo, akazitia ncha za chuma, maelfu kwa maelfu, zikauzwa mjini. Kutengana na mkewe na watoto kulikuwa kwake kama kung'olewa nyama mifupani, na zaidi ya wote alimwazia yule kipofu, jinsi atakavyopigwa, atakavyoomba na kuona njaa na baridi, hali yeye baba yake hawezi hata kustahimili upepo umpulize. Alijiona kama mtu anayeibomoa nyumba yake juu ya kichwa cha mke na watoto wake. Kila siku mlango ulikuwa wazi kwa neno moja tu la ahadi. Hakulisema.

Je, alikuwa na furaha wakati wote? Asingekuwa mkweli kama angalisema hivyo, naye hakusema. Katika mwezi mmoja wa mwanzo aliamini kwamba atanyongwa, na furaha yote ikamtoka. Hakuogopa kifo tu. Aliogopa kwamba atapanda ngazi ya kitanzi miguu ikitetemeka na uso umepauka, na watu watasema dini yake haikumfaa kitu. Aliomba faraja, isije. Akakaa hivyo siku nyingi, hata mwisho akaamua moyoni kwamba, Mungu akimfariji au asimfariji, yeye hataliacha neno lake; ataruka kutoka katika ngazi ile akiwa amefumba macho kuingia umilele, Kristo akitaka kumdaka, amdake. Alipokwisha kuamua hivyo bila kuahidiwa cho chote, furaha ikamrudia, tena imara kuliko ya kwanza. Kwa maoni yangu jambo hili ni kubwa kuliko lile la shambani.

Katika jela ile aliandika vitabu kadha wa kadha, na mwaka 1666 kikapigwa chapa kile cha maisha yake mwenyewe, ambacho ndicho kilichotupatia mengi ya habari hizi.

Nisimfanye malaika. Ulimi wake katika mabishano ulikuwa mkali. Kitabu chake cha kwanza kabisa, cha mwaka 1656, kiliwashambulia watu wa jamii ya Marafiki, ambao siku hizi ni wengi huko Kaimosi na magharibi ya Kenya, na maneno aliyowaandikia hayakuwa na upole. Miaka ikapita. Mwaka 1672 Mfalme alilegeza sheria, Bunyan akatoka, na kanisa lake lilikuwa limekwisha kumchagua kuwa mchungaji. Lakini msamaha wake kamili ulitoka Septemba ya mwaka huo, na jina lake lilikuwa katika orodha moja na Marafiki. Wao ndio waliouhangaikia msamaha huo kwa Mfalme, na walipoombwa waongeze majina ya wafungwa wa madhehebu mengine, walikubali.

Mwaka 1678 Safari ya Msafiri ikatoka London. Alipowaonyesha rafiki zake maandiko yake, wengine walimshauri akipige chapa, wengine walimkataza, kwa kuwa waliona si heshima kuyaeleza mambo ya dini kwa njia ya hadithi. Akakipiga. Kikapigwa chapa mara 11 katika maisha yake, na tangu hapo kimefasiriwa katika lugha nyingi mno. Msomaji atakayekirudia kitabu hicho akijua maisha ya mtungaji atakutana naye kila mahali. Mzigo wa Mkristo huanguka msalabani mapema sana, na safari kubwa ingali mbele. Na baada ya mzigo kuanguka, bado msafiri hukamatwa na lile jitu liitwalo Kukata Tamaa, akatupwa katika ngome yake pamoja na mwenzake, wakapigwa, wakashauriwa kujiua. Wakakaa humo siku kadha, hata Mkristo akakumbuka kwamba muda wote huo alikuwa na ufunguo kifuani mwake, uitwao Ahadi.

Wakati huo Bunyan alikuwa mtu mrefu, mwenye mifupa imara, macho makali, na nywele nyekundu zilizoanza kuchanganyika na mvi. Watu wa London walijaa kumsikiliza hata asubuhi za siku za kazi. Yeye aliendelea kukaa Bedford.

Mwezi wa Agosti mwaka 1688 kijana mmoja alimjia kumweleza kwamba baba yake amemkasirikia na anakusudia kumnyima urithi. Bunyan akapanda farasi mpaka Reading alikokaa baba huyo, akazungumza naye hata akamlainisha, baba na mwana wakapatana. Kutoka huko akaenda London katika mvua kubwa, akafika amelowa mpaka mwilini katika nyumba ya rafiki yake John Strudwick, mwenye duka, huko Snow Hill. Alihubiri tarehe 19, na baada ya siku chache homa ikamlaza. Akafariki tarehe 31 Agosti, hajatimiza miaka 60, akazikwa katika makaburi ya Bunhill Fields.

Mali yote aliyoacha ilikadiriwa kuwa pauni 42 na shilingi 19. Mwaka 1685, alipoona huenda akakamatwa tena na vitu vyake kutwaliwa, alikuwa ameandika hati ya kumpa Elizabeth kila alicho nacho, akaificha nyumbani. Alipokufa hati haikuonekana. Ilikuja kupatikana ukutani mwaka 1838, nyumba ile ilipobomolewa. Wakati wa kuiandika hati hiyo, Safari ya Msafiri ilikuwa imekwisha kusomwa Uingereza nzima, na mtungaji wake alikuwa mchungaji anayejulikana mpaka London. Lakini mahali pa kuandika kazi yake, aliandika kwamba yeye ni mfua shaba.